Mgeni wa Kijito cha Majivu

"Sema hukumuua, Baba Mkubwa," Thelma alisema. "Neno hilo tu. Mengine mwachie wakili."

Mzee Elmer Muldoe alikuwa amekaa ng'ambo ya meza iliyokazwa sakafuni kwa skrubu. Sare ya mahabusu ilimpwaya mabegani. Tangu wamfungie humo alikuwa amepungua vibaya, na kikohozi alichoingia nacho kilikuwa kimeshuka kifuani na kukataa kutoka. Daktari wa gereza alimpa vidonge vya mafua.

"Nikilisema hilo mahakamani, Edna atasikia nini?" aliuliza. "Kwamba nilimpa jiwe langu mbele za watu, kisha nikamgeuka mbele ya Wazungu?"

"Atasikia ukweli."

"Ukweli ameshausikia ukumbini, mwanangu. Mtoto wake alikutwa kwangu. Basi."

Thelma Muldoe alikuwa polisi wa serikali kwa miaka mingi kabla ya kurudisha beji na kuanza kuwapelelezea mawakili. Alikuwa amewahoji wezi, wabakaji na waongo wa kila rangi. Hakuwa amewahi kumhoji mtu asiye na hatia anayekataa kujitetea, na mtu huyo kuwa kaka wa marehemu baba yake kulimfanya atamani kuing'oa ile meza kwa mikono.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwanzoni mwa Septemba kijana mmoja, Curtis Angus, alikutwa amelala kifudifudi juu ya jiwe la uvuvi la ukoo wa Elmer, kando ya mto Skeena, magharibi mwa Kanada, fuvu limepasuka. Siku chache kabla, yeye na Elmer walikuwa wamerushiana maneno juu ya wavu ulioachwa majini, na bonde zima lilikuwa limesikia. Sasa, kwa Wagitxsan, wenyeji wa asili wa bonde hilo, mtu akiuawa kwenye ardhi ya ukoo fulani, ukoo huo ndio unaokibeba kifo, hata kama muuaji hajulikani au anatoka mbali. Mkuu wa ukoo haulizwi alikuwa wapi. Elmer aliitisha karamu ukumbini, akasimama mbele ya koo zote, akasema kifo cha Curtis ni chao, na akampa Edna, mama wa marehemu, lile jiwe avulie hapo mpaka mwisho wa maisha yake. Yakarushwa manyoya laini ya tai, na yakisharushwa hayo, jambo limekwisha na halifufuliwi.

Koplo Tessier alikuwa amealikwa. Alikaa nyuma, akala bakuli mbili za supu. Kesho yake asubuhi alikuja na pingu.

Jaji hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Thelma zaidi. Alimsikiliza Lowe, wakili wa Elmer, kwa adabu zote, kisha akasema hataki historia wala wasomi. Alitaka aonyeshwe mtu mmoja, mtu aliye hai leo, aliyebeba kifo namna hiyo huku ikijulikana wazi kwamba hakuua. Akionyeshwa, maneno ya ukumbini hayatahesabiwa kuwa kukiri kosa, na bila maneno hayo mwendesha mashtaka hana kesi. Asipoonyeshwa, yatahesabiwa. Angeamua Jumatatu. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Ulikuwa naye pale jiweni?" Thelma aliuliza. "Ulimwona akifika?"

"Nilimwona amelala. Akiwa ameshapoa."

"Kwa hiyo hujui kama alifia pale."

Thelma aliona swali limemgusa mahali ambapo hajawahi kupatazama. Kisha mzee akakohoa, mlinzi akagonga mlango, na muda wao ukawa umekwisha.

Tessier alimpokea kwenye maegesho ya kituo cha polisi, si ofisini, kwa kuwa wenzake hawakupenda kumwona mwanamke yule akiingia humo kama zamani. Walikuwa wamefanya kazi gari moja miaka miwili. Thelma aliweka picha za maiti juu ya boneti, zile zilizokabidhiwa kwa wakili, akaweka kidole kwenye viganja vya Curtis.

"Hii nini?"

"Miiba. Daktari aliiona. Haikumuua."

"Imejaa viganjani na magotini. Vidoa vimevimba, maana yake alikuwa hai ilipomchoma. Umeshafika kwenye jiwe la Elmer wewe?"

"Nilimtoa pale mwenyewe."

"Kuna mmea gani pale?"

Tessier alifikiri. Hakuwa mpumbavu, alikuwa mvivu tu, na mara nyingi matokeo yake ni yale yale. "Thelma, nchi hii yote ni miiba," alisema mwishowe. "Mzee wako amekiri mbele ya watu mia tatu. Unataka nifanye nini, nikakamate kichaka?"

Thelma alikwenda mwenyewe kuhakikisha. Jiwe la Elmer lilikuwa jiwe kweli, jeusi, kavu, limesuguliwa na miguu ya wavuvi tangu enzi, na nyuma yake kulikuwa na kokoto na banda la kukaushia samaki. Mmea wa karibu ulikuwa nyasi. Miiba ile ya pichani, mirefu, myembamba, ya rangi ya asali, Thelma aliijua tangu utotoni. Ni ya ule mti wa dawa wenye mashina yanayojipinda na majani mapana kama sinia, wenye miiba hata juu ya majani. Huota kwenye kivuli chenye unyevu. Watu wazima huchemsha gome lake wakiumwa viungo, na mtu akianguka ndani ya kichaka chake hutoka akilia.

Palikuwa na kichaka kimoja karibu, bondeni nyuma ya kanisa. Thelma aliteremka huko akiwa na matumaini mengi, akapoteza mchana mzima. Mashina yalikuwa yamekatwa kweli, ila mikato ilikuwa imeshakuwa ya kijivu na kufunga kovu. Ilikuwa ya mwaka uliopita au zaidi. Hakuna aliyeingia pale Septemba. Alipanda tena juu akitukana kwa lugha mbili.

Ijumaa asubuhi aliwasha boti ya marehemu baba yake akapandisha mto. Alikagua kila mdomo wa kijito, na kwenye Kijito cha Majivu akazima injini. Mti wa dawa ulikuwa umeota ukingo mzima, majani yameanza kugeuka manjano. Hatua chache kutoka majini kulikuwa na njia iliyovunjwa kwa mwili wa mtu. Mashina sita yalikuwa yamekatwa kwa kisu, nadhifu, mikato bado myekundu kidogo. Mengine, pembeni, yalikuwa yamelala chini, yamepondwa, kana kwamba mtu alitambaa juu yake. Mbele ya hapo mtu alikuwa amemwaga changarawe mpya, lori zima, mahali ambapo hapakuwa na haja yoyote ya changarawe.

"Umepotea?"

Rod Haskett alikuwa amesimama kwenye gati lake, mikono mifukoni. Kibao nyuma yake kilikataza watu kuingia. Miaka kumi na moja alikuwa na kambi pale, akiwaleta wageni wa Kijerumani na Kimarekani kuua dubu na kuvua samoni, kwa kibali cha serikali. Ardhi yenyewe ilikuwa ya ukoo wa Thelma, ukoo wa mama yake, maana kwao mtoto huhesabiwa kwa mama. Haskett hakuwahi kumwomba mtu yeyote wa ukoo huo hata maji ya kunywa.

Thelma alimwambia anafuatilia kesi ya Curtis Angus, akauliza kama alimwona siku aliyokufa. Haskett akasema hapana, alikuwa na wateja. Akauliza wateja gani. Akasema wameshaondoka, majina yako kwa wakala. Thelma akauliza habari ya changarawe, akajibiwa kwamba ni ya gari, matope yanasumbua.

"Hujamwona akipita hata kwa boti?"

"Nimeshasema sijamwona. Na huyo kijana akitaka kukata vijiti vya mikono ya mama yake, akakate kwenu kijijini. Hapa nimelipia mimi."

Mto uliendelea kupita kati yao. Thelma alikuwa ametaja jina la Curtis na siku aliyokufa. Hakuwa ametaja dawa, wala vijiti, wala mikono ya mtu yeyote.

"Nani amekwambia mama yake anaumwa mikono?"

Haskett hakupepesa jicho, ila mikono ilitoka mifukoni. Akasema watu huongea. Kisha akasema boti ya Thelma imeingia eneo lake la kibali, na kwamba anawafahamu wakubwa wa polisi kwa majina yao ya kwanza. Thelma alisukuma boti nyuma kwa kasia, uso ukiwa kwake mpaka alipofika katikati ya maji. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

Sasa alijua. Curtis alipigwa pale, akatambaa kwenye miiba, akafa pale, kisha akateremshwa kwa boti hadi kwa mzee ambaye kila mtu alijua amegombana naye. Lakini kujua si kitu. Ulikuwa mdomo wake dhidi ya mdomo wa mwenye kibali, na damu, kama ilikuwepo, ilikuwa chini ya changarawe. Wakili Lowe, alipompigia simu, alisema hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi.

Edna Angus alikuwa kwenye banda la moshi nyumbani kwake, akigeuza samaki kwenye fito. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa maradhi, akawa anatumia viganja. Hakumwangalia Thelma machoni.

"Kama umekuja kwa lile, Thelma, rudi. Manyoya yameshaanguka."

"Najua, shangazi. Silifufui."

"Koplo alikuja akataka nimtukane Elmer mbele ya jaji. Wakili wenu akaja akataka nimsifu. Nimewafukuza wote. Nilipokea kilichotolewa. Nikifungua mdomo sasa, kila kilichowahi kumalizwa ukumbini tangu bibi zetu kitafunguka na chenyewe."

Thelma aliokota fito, akaanza kusaidia. Alijua kwamba swali moja likikosewa hatapata la pili. Mama huyu alikuwa ameshika sheria kwa meno huku mwanawe yuko kaburini, na sheria hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikimmaliza Elmer. Thelma alimwonea huruma.

"Sikuulizi nani alifanya nini," alisema. "Nakuuliza habari ya dawa yako ya mikono. Aliyekuwa akikukatia, alikuwa akiomba ruhusa kwa nani?"

Edna alisimamisha mikono. Moshi ulipita kati yao, naye hakuufukuza.

"Mwanangu nilimlea vizuri," alisema taratibu. "Hakukata hata ujiti kwenye ardhi ya mtu bila kumwomba mwenyewe." Aligeuza samaki mwingine. "Mimi nimenyamaza. Mwenye kuulizwa yupo, na huna haja ya kumtafuta mbali. Muulize mama yako."

Mama yake, Bibi Rhoda, mkuu wa ukoo, alikuwa jikoni na mkongojo ubavuni, akimenya viazi kwa hasira kama alivyofanya kila kitu tangu apasuliwe nyonga. Thelma hakukaa. Aliuliza wima, kama polisi.

"Curtis alikuomba ruhusa ya kukata dawa Kijito cha Majivu?"

Kisu kilisimama.

"Aliniomba."

"Lini?"

"Nikiwa hospitali, kesho yake baada ya kupasuliwa. Alikuja na samaki wa moshi kwenye gazeti, muuguzi akampigia kelele. Akaniomba, nikamwambia kata, mwanangu, msalimie mama yako. Aliniambia anakwenda moja kwa moja kutoka pale."

"Na siku iliyofuata akakutwa kwa Elmer. Mama, umekaa na hilo mwezi mzima?"

Bibi Rhoda alikiweka kisu mezani. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla.

"Alikutwa kwa Elmer. Nikajiambia basi hakufika kwangu, alipitia pale kwanza. Nilijiambia hivyo kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Elmer aliposimama ukumbini kubeba, mimi nilishukuru Mungu kwamba si sisi. Hivyo tu. Nilishukuru."

"Kukutwa na kufia si kitu kimoja," Thelma alisema, na akamweleza yote: viganja, mashina yaliyokatwa na yaliyopondwa, changarawe, na ulimi wa Haskett uliomponyoka.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza kama ana uhakika. Alitazama dirishani upande wa mto.

"Miaka kumi na moja yule mtu amekaa kwangu," alisema. "Sikumkaribisha, lakini sikwenda kumwambia ondoka pia. Nilisema serikali imempa karatasi, tutafanya nini. Sasa mgeni wangu ameua mtu niliyemruhusu mimi. Elmer amelipa kwa makosa. Kilichokosewa ukumbini hurekebishwa ukumbini, na mwenye kukirekebisha ni yule ambaye mzigo ni wake. Edna hawezi. Elmer hawezi. Ni mimi."

"Utatoa nini?"

"Unajua nitatoa nini."

Thelma alijua. Kijito cha Majivu kilikuwa kitu pekee kikubwa ambacho ukoo wao ulikuwa umebaki nacho, na siku moja jina la mama, pamoja na kijito, lingekuwa lake. Edna alikuwa na umri mdogo kuliko mama. Thelma mwenyewe angekuwa bibi kizee kabla hakijarudi, kama angekuwa hai. Alifungua mdomo kusema pengine kuna njia nyingine, akakumbuka kile kikohozi, akaufunga.

Ndipo upande mwingine wa kichwa chake, ule uliozoea faili na mashahidi, ukaanza kufanya kazi.

"Mama. Siku aliyokufa, uliweza kusimama?"

"Sikuweza hata kukaa. Walikuwa wananigeuza kama mkate."

"Na wauguzi wameandika."

"Wanaandika hata ukijamba."

Wakatazamana. Jaji alikuwa ametaka mtu aliye hai, aliyebeba kifo ambacho kila mtu anajua hakukitenda. Mama yake angesimama ukumbini na kukibeba kifo hiki hiki cha Curtis, kwa sheria hii hii, naye siku hiyo alikuwa amelazwa mbali kule mjini, hawezi kuinua mguu.

"Kwa hiyo sheria yetu," mama alisema, "itaaminiwa kwa sababu ya nyonga yangu."

"Ndivyo walivyo, mama."

"Haya. Piga simu. Na yule koplo mwalike, mpe kiti cha mbele, asije akasema hakusikia."

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Karamu ya namna hiyo huandaliwa muda mrefu, lakini watu walielewa, wakaleta walichokuwa nacho: supu, mkate, biskuti ngumu, samaki na mafuta yake. Bibi Rhoda aliinuka kwa mkongojo akiwa amevaa joho la ukoo, Thelma nyuma yake. Hakuzungumza kwa muda mrefu.

"Curtis Angus aliingia kwenye ardhi yangu kwa ruhusa yangu, na hakutoka hai," alisema. "Aliyemuua ni mgeni niliyemwacha akae. Kifo hiki ni chetu. Elmer alibeba kisicho chake, arudishiwe jiwe lake. Edna, Kijito cha Majivu ni chako maisha yako yote."

Edna alisimama akapokea. Hakulia. Wakuu wa koo nyingine, mmoja mmoja, walisema wamesikia na watashuhudia. Mama alichukua manyoya ya tai kwenye kiganja akayapuliza, yakaelea juu ya vichwa vya watu, mengine yakatua kwenye kofia na mabega ya Tessier. Koplo alikuwa amekaa na kalamu mkononi, haandiki. Baadaye alimsogelea Thelma ukutani.

"Siku ile mama yako alikuwa wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hospitali ya mjini, amepasuliwa jana yake. Nenda kaulize."

"Basi hakumuua."

"Sema tena."

"Hakumuua. Hangeweza."

"Na umemsikia akisema maneno yale yale ya Elmer. Jumatatu utayarudia hayo kwa jaji, chini ya kiapo. Lowe ameshakuandikia wito."

Tessier aliyapangusa manyoya begani, kisha akaacha. Thelma akamuuliza habari ya Haskett, maana alikuwa amemweleza yote asubuhi. Koplo akasema ametuma ripoti kwa wakubwa. Wakubwa walikuwa wamejibu upesi kuliko kawaida yao: hakuna sababu ya kuchimba eneo la mwenye kibali kwa neno lililoponyoka mdomoni. Hakumwangalia alipokuwa akisema hivyo.

Kwa hiyo Elmer angetoka, na hilo lilikuwa kubwa, na Thelma alijaribu kulishika. Ila boti ya Haskett ingepita kesho kama kawaida, na wageni wake wakipiga picha. Serikalini kijito kilikuwa cha Haskett, ukumbini kilikuwa cha Edna, na hakuna tena mahali popote kilipokuwa chao. Alimsaidia mama kurudi kwenye kiti, na alipoinama kumwekea mkongojo akahisi machozi yanakuja, ya hasira zaidi kuliko huzuni, mbele ya koo zote.

Mama alimshika mkono, akamvuta karibu na sikio.

"Si hapa, Thelma. Lilia nyumbani. Nyumba bado ni yetu."